Kwa Nini Samaki wa Chumvi Anageuka Mwekundu?

(MUZIKI WA KIPINDI, SEKUNDE 10, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Karibuni katika kipindi cha Afya na Sayansi.

Leo tunazungumzia samaki wa chumvi, yule ambaye sisi Wakongo tunamwita makayabo. Umemnunua akiwa mzuri. Baada ya siku kadhaa anatoka madoa mekundu, anateleza na kunuka. Kumtupa ni hasara, kwa maana pesa ni ya kubahatisha. Je, tumle? Na ile chumvi yote imeshindwaje?

Chumvi huhifadhi chakula kwa kuvuta maji. Kijidudu cha kawaida kikikaa kwenye chumvi nyingi, maji ya mwili wake hutoka, nacho hufa au hushindwa kuzaana. Lakini vipo vijidudu vinavyopenda chumvi. Bahari ya Chumvi, kule Mashariki ya Kati, ina chumvi karibu mara 10 kuliko bahari ya kawaida, na samaki hawaishi humo. Hata hivyo, mwaka 1936 mwanasayansi Benjamin Elazari-Volcani alitangaza kwamba amekuta humo vijidudu hai. Huku kwetu, wekundu unaoonekana katika Ziwa Magadi, Kenya, na Ziwa Natron, Tanzania, huletwa na vijidudu vya namna hiyo. Vingine hubaki ndani ya chumvi iliyokaushwa kwa jua, na kwa njia hiyo humfikia samaki.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Vinaishije? Vingi hujaza chumvi ya potasiamu ndani ya miili yao, basi maji hayatoki. Pia vina vimeng'enya vya pekee. Kimeng'enya ni kama mfanyakazi mdogo wa mwili: kwenye mate yetu kipo kinachokata wanga. Vimeng'enya vya kawaida vikikutana na chumvi nyingi hushikamana na kuacha kazi. Vya vijidudu hivi huhitaji chumvi. Ukiiondoa, vingi huharibika. Ndivyo vinavyovunja protini ya samaki mpaka analainika na kunuka.

Watafiti sasa wanataka kuvitumia kwa faida. Mwaka 2013, watafiti wa Goa, India, walieleza jinsi kijidudu kutoka mashamba ya chumvi kilivyotengeneza chembe ndogo sana za fedha, kile chuma cha pete na mikufu. Chembe hizo huitwa nanochembe. Nanomita 1 ni milimita 1 iliyogawanywa mara milioni. Kimeng'enya kimojawapo kilisaidia kubadili fedha iliyoyeyuka kuwa chembe hizo, na katika maabara ziliua bakteria. Hiyo ni kazi ya maabara, bado si dawa ya zahanati. Mtu akikuuzia maji ya fedha kama tiba, usinunue.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa turudi jikoni. Vijidudu vyekundu vyenyewe havijulikani kuwapa watu ugonjwa. Lakini samaki akiwa mwekundu, anateleza na ananuka, ni ishara kwamba ameharibika. Huenda vijidudu vingine vimeacha ndani yake sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mama, baba, huyo usimpe mtoto. Mtupe.

Aliyekula akiona uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinauma au anatapika, apelekwe haraka kituo cha afya.

Ili usipate hasara, chagua samaki mkavu kabisa. Usimfunge kwenye mfuko wa nailoni akiwa na unyevu. Mtundike mahali pakavu, penye hewa, mbali na mvuke wa sufuria. Nunua wa kutosha siku chache tu. Chumvi ni mlinzi mzuri, lakini akilowa halindi tena.

Mwambie na jirani ambaye hana redio. Tukutane wiki ijayo, saa ileile. Kwaherini.

(MUZIKI WA KUFUNGA)