Si Kijicho Pembe: Kuona kwa Ukingo wa Retina

Bibi mmoja ameketi barazani. Mjukuu wake anasimama mbele yake na kumwamkia, bibi anauliza, "Marahaba, nani wewe?" Punde kuku anaingia jikoni kwa mlango wa kando, na bibi huyo huyo ndiye wa kwanza kumwona. Tena, akitaka kumtazama mtu, hugeuza uso na kumwangalia kwa upande. Watu wa nyumbani hukata shauri upesi: bibi anajifanya haoni, na isitoshe ana kijicho pembe.

Hukumu hiyo ni dhuluma. Katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru, pana eneo dogo liitwalo makula, na ndani yake kishimo kiitwacho fovea, chenye upana wa milimeta 1.5 tu. Hapo zimesongamana koni, yaani seli zitambuazo rangi na vitu vidogo. Msomaji na ajipime: akaze macho juu ya neno moja la ukurasa huu, kisha, bila kuyahamisha, ajaribu kusoma neno lililo mistari mitano chini yake. Hatafaulu. Retina yote huona, lakini fovea ndiyo isomayo.

Uzeeni makula huweza kuchakaa. Uchakavu mkavu huenda polepole kwa miaka mingi. Ule wa majimaji hutokea mishipa mipya ya damu inapoota chini ya retina na kuvuja, nao huweza kuharibu uoni kwa majuma machache; huu hudhibitiwa kwa dawa zidungwazo ndani ya jicho, mradi mgonjwa awahi hospitali. Dalili yake kubwa ni mistari iliyonyooka, kama fremu ya mlango, kuonekana imepinda. Sigara huzidisha hatari. Hata hivyo ukingo wa retina kwa kawaida husalimika, na mgonjwa haingii katika giza tupu.

Basi bibi yetu, bila kufundishwa na mtu, amevumbua njia ambayo wataalamu huwafunza wagonjwa: kugeuza jicho ili sura ya kitu iangukie sehemu iliyo nzima. Kwa kuwa ukingo una koni chache, kitu sharti kiwe kikubwa. Lenzi ya kukuza yafaa, na hata kusogea tu: barua iliyokuwa sentimeta 40 ikiletwa kwenye sentimeta 20, taswira yake huongezeka urefu maradufu (naye mzee atahitaji miwani ya kusomea yenye nguvu zaidi). Kusoma kwa karibu hakuliharibu jicho, ingawa wengi husadiki hivyo. Taa nayo ikisogezwa kutoka meta 1 hadi nusu meta, nuru huzidi mara nne. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni hiyo. Ugali mweupe katika sahani nyeupe hupotea. Katika sahani ya buluu huonekana. Na mjukuu akitaja jina lake anapoamkia, tatizo la barazani limekwisha.

Liko jambo moja ambalo wagonjwa wengi hulificha. Huona watu wadogo, maua, au nyumba zisizokuwapo, wala hawasikii sauti yoyote. Jirani atasema ni majini, na daktari asiye na habari atasema ni wazimu. Mwaka 1760 mwanasayansi wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za maono kama hayo yaliyompata babu yake, Charles Lullin, mzee mwenye akili timamu ambaye uoni wake ulikuwa umefifia. Ubongo uliozoea kupokea habari nyingi kutoka machoni, ukizikosa, hujitungia picha zake wenyewe. Daktari aelezwe, maana yako maradhi mengine yaletayo maono. Lakini mgonjwa akishaambiwa kwamba chanzo ni jicho, hofu hupungua sana; na wengine huyafukuza maono hayo kwa kupepesa macho tu, au kwa kuwasha taa.