Kamera Nyuma ya Jiko

Si lazima kusafiri hadi Serengeti ndipo upate picha ya kiumbe. Uani, penye mgomba uliochanua, chozi hufika asubuhi kufyonza utamu wa maua. Dume hung'aa mithili ya chuma kilichosuguliwa. Lakini hatulii! Kamera isipofumbua na kufumba kwa 1/1000 ya sekunde, mabawa huwa ukungu mtupu. Mwanga mwema hupita upesi. Jua la utosi hufifisha rangi zote. Na ile kamba ya nguo, ambayo hakuna mama atakayeiondoa kwa ajili ya ndege, huingia katika kila picha.

Adha kubwa zaidi ni kunguru, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 na kuenea pwani. Hula mayai na makinda. Kiota cha chozi ni kifuko kinachoning'inia, kilichoshikizwa kwa utando wa buibui. Ukikata majani yanayokisitiri ili picha itakate, umemwonyesha kunguru njia. Afadhali kujibanza mbali, nyuma ya kanga iliyoanikwa, pamoja na watoto, iwapo watanyamaza.