Jiwe la Kaunta ya Jikoni: Mambo ya Kuthibitisha Kabla Halijakatwa

Friji isiyogandisha hurudishwa dukani, na kitanda kilicholegea huitiwa fundi. Jiwe la kaunta ya jikoni halina nafasi hiyo. Bamba likishakatwa kwa kipimo cha jiko lako na kutobolewa tundu la sinki, halimfai mtu mwingine yeyote. Muuzaji hulipokea kwa shida sana, na hata pale sheria inapokuwa upande wa mlaji, safari ya kudai haki huwa ndefu kuliko ile ya kununua. Kwa sababu hiyo, maelezo haya yanahusu zaidi siku zinazotangulia msumeno.

Katika kata za kale za Tabora, kama vile Mtendeni, ambayo jina lake lingali likikumbusha mitende ya zama za misafara, kupikia uani ni desturi ya muda mrefu. Familia inayoamua kuliingiza jiko ndani ya nyumba huanza na sinki na makabati, kisha huja swali la kitakachotandikwa juu yake. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mji huu umekaa juu ya jiwe hilohilo linalotafutwa. Miamba ya itale ya Tanzania ya kati na magharibi ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na ni miongoni mwa miamba mikongwe duniani. Hata hivyo, kupasua mwamba kwa ajili ya msingi au kokoto ni kazi moja, na kuuchana kuwa mabamba yaliyonyooka na kung'arishwa ni kazi nyingine inayohitaji mitambo mikubwa. Ndiyo maana mkazi wa Tabora mara nyingi huagiza bamba kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 800, na pengine hulipa malipo ya awali kwa jiwe ambalo hajaligusa.

Tatizo la kwanza ni jina. Kamusi huita itale. Fundi na muuzaji husema graniti. Lakini dukani neno graniti hutumika kwa karibu kila bamba gumu linalong'aa, yakiwemo yaliyotengenezwa kiwandani kwa unga wa mawe uliogandishwa kwa gundi ya rezini. Haya ya kiwandani hujulikana pia kama kwatzi. Neno marumaru lina utata mkubwa zaidi: kwa asili ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo wa ardhini, lakini katika mazungumzo ya kila siku Watanzania wengi huita marumaru hata vigae vya sakafuni vilivyochomwa kiwandani. Mtu anaweza kukubaliana bei ya marumaru na muuzaji, kila mmoja akiwa na kitu tofauti kichwani, na wote wakawa wakweli. Dawa yake ni kuandika katika ankara maneno yasiyo na shaka: jiwe la asili au la kutengenezwa, itale au marumaru, rangi gani, unene gani.

Zaidi ya maandishi, jiwe lenyewe hujieleza likiulizwa vizuri. Omba kipande cha jiwe hilohilo unalotaka, si cha jiwe linalofanana nalo. Kamulia ndimu juu ya upande uliong'arishwa, acha kwa dakika kumi, kisha futa. Marumaru itabaki na doa lililofifia mng'ao, kwa kuwa asidi ya ndimu hula chokaa, itale haitadhurika. Kisha kwaruza pembeni kwa ncha ya kisu: chuma huacha mchoro juu ya marumaru lakini hushindwa mbele ya itale. Bamba la kiwandani hufaulu jaribio la ndimu, hivyo litazame ubavuni na upande wa chini. Punje zake kwa kawaida hulingana kupita kiasi, ilhali katika jiwe la asili michirizi na mabaka huingia ndani na kutokea upande wa pili bila mpangilio.

Jaribio la maji nalo lisiachwe. Mwaga matone machache na usubiri dakika kumi hadi kumi na tano. Jiwe likibadilika kuwa jeusi mahali palipolowa, lina vitundu vinavyofyonza, na litahitaji dawa ya kuziba vitundu kabla ya kutumika na kila baada ya muda. Katika nyumba inayopika kwa mawese ya Kigoma, bizari na ukwaju, hili si jambo dogo. Mawese yakiingia katika jiwe jeupe lisilozibwa hayatoki kwa sabuni. Kwa maoni ya mwandishi, marumaru nyeupe inayovutia sana katika picha za majarida haifai kwa jiko linalopika kila siku kwa ndimu na nyanya. Iwekwe bafuni au sebuleni. Itale yenye rangi ya kati na punje nyingi huficha madoa na huvumilia zaidi.

Kwa jiwe jeusi kuna tahadhari ya pekee. Baadhi ya mabamba ya kijivu hupakwa rangi ili yaonekane meusi na kuuzwa kwa bei ya juu. Lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha, na usugue. Kitambaa kikitoka na weusi, weusi huo haukuwa wa jiwe.

Nyufa nazo zitofautishwe na michirizi. Mchirizi ni rangi tu. Ukipitisha ukucha juu yake hausikii kitu. Ufa hunasa ukucha, na bamba likilowa maji huonekana kama mstari mweusi unaochelewa kukauka. Ikiwa bamba liko mbali, omba picha zake likiwa kavu na likiwa limelowa, pamoja na namba yake, na uziambatishe kwenye makubaliano. Sampuli ya ukubwa wa kiganja haiwezi kuonyesha sura ya bamba zima.

Sasa kipimo, ambako fedha nyingi hupotea kimyakimya. Bei ya jiwe hutajwa kwa mita, na mlaji hana budi kuuliza: mita ya urefu au mita ya mraba? Kaunta yenye urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 ina mita za mraba 1.8. Ikiwa bei iliyokubaliwa ni ya mita ya mraba, na ankara ikaandikwa mita 3, mlaji amelipia theluthi mbili zaidi ya alichopata. Kama muuzaji anadai lazima ulipie bamba zima, vipande vinavyobaki ni mali yako. Vichukue, vinafaa kwa kizingiti cha dirisha au rafu. Malalamiko kuhusu vipimo hupokelewa na Wakala wa Vipimo.

Unene wa kawaida ni sentimita 2 au 3, na tofauti hiyo inabebwa na makabati yako. Itale ina uzito wa takriban kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, hivyo kaunta ya mfano wetu ina karibu kilo 97 kwa unene wa sentimita 2, na karibu kilo 146 kwa sentimita 3. Kaunta ya zege juu ya matofali itabeba bila wasiwasi; makabati ya MDF yaliyolowa maji ya sinki mara mbili tatu huenda yasibebe.

Safarini, bamba lisafirishwe likiwa limesimama kwa ubavu na kuegemezwa, kama kioo, kamwe lisilazwe. Makubaliano yaeleze wazi nani anabeba hasara likivunjika njiani, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla bamba halijakaguliwa likiwa Tabora. Dai risiti ya mashine ya EFD kwa kila malipo, hata ya awali. Kudai risiti ni wajibu wa mnunuzi pia.

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na iliyouzwa kwa sampuli lazima ilingane na sampuli. Vikitumika vyote viwili, kulingana na kimoja hakutoshi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu aina na ubora wa bidhaa, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani.

Limebaki suala la vumbi, ambalo wateja wachache huliuliza. Kukata jiwe kwa grainda bila maji hutoa vumbi laini lenye silika, linalopenya hadi ndani ya mapafu na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa. Itale ina silika ya kutosha kudhuru. Mabamba ya kwatzi ya kiwandani yanaweza kuwa na zaidi ya asilimia 90, na Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 baada ya mafundi wengi, wakiwemo vijana, kuugua. Tundu la sinki na pembe zikatwe karakanani kwa msumeno wa maji. Ikilazimu kurekebisha nyumbani, kazi ifanyike nje, jiwe likimwagiwa maji wakati wote, fundi akiwa na barakoa ya kuzuia vumbi laini, na watoto wasiwe uani. Tope linalobaki lifagiliwe lingali bichi, kwa kuwa likikauka linageuka kuwa vumbi lilelile.

Kipande cha sampuli, picha za bamba, ankara na risiti vihifadhiwe pamoja hata baada ya fundi kuondoka, kwa sababu rangi ya kupakwa na ufa uliojazwa gundi mara nyingi huonekana baada ya miezi kadhaa ya kusuguliwa na kuoshwa.