"Huyu Mtoto Hasikii": Ni Ukaidi au ni Masikio?

Katika nyumba nyingi za mijini, iwe Temeke, Mwanza au Morogoro, ni malalamiko machache yanayorudiwa na wazazi kama haya: "Huyu mtoto hasikii." Ametumwa ndimu, amerudi na ndizi. Baba amemwita mara tatu kutoka sebuleni, naye yupo pale pale uani, anachora mchanga kwa kijiti. Mwalimu ameandika kwenye daftari, kwa wino mwekundu, kwamba mtoto hazingatii masomo. Ushahidi ukishakusanyika hivyo, hukumu hutolewa upesi, na aghalabu hutekelezwa kwa ufito.

Lugha yetu yenyewe huchangia kuharakisha hukumu hiyo. Neno "kusikia" katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa. Twasikia sauti, twasikia njaa, twasikia baridi. Na mtu asiyetii tunasema hasikii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga, na wote twajua kwamba hawakuwa wakisema juu ya masikio. Lakini mzazi aliyechoka na kazi za kutwa hana nafasi ya kuzitenganisha maana hizo mbili. Hivyo mtoto asiyesikia kwa maana ya kwanza huadhibiwa kwa kosa la maana ya pili.

Hapa hatumzungumzii mtoto kiziwi kabisa. Huyo, pamoja na shida zake zote, hutambulika mapema, na zipo shule kama zile za Buguruni na Tabora zilizoanzishwa kwa ajili yake. Tunamzungumzia mtoto anayesikia nusu. Huyu husalimia, huimba, hubishana na wenzake, na kwa sababu hiyo hakuna anayemdhania lolote.

Ili kuelewa jinsi nusu ile nyingine inavyopotea, hatuna budi kutazama ndani ya sikio. Nyuma ya ngoma ya sikio pana chumba kidogo chenye hewa. Hewa hiyo huingia kwa mrija mwembamba unaofungukia nyuma ya pua. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, hivyo majimaji huteremka yenyewe. Kwa mtoto mdogo ni mfupi, na umelala karibu sawa na sakafu. Mafua yakimshika, kamasi na vijidudu havina safari ndefu kufika sikioni, na mrija wenyewe huvimba ukaziba.

Likitokea hilo, mtoto anaweza kupata maumivu makali. Hulia usiku, hushika sikio, huchemka homa. Na pengine ngoma ya sikio hutoboka, usaha ukatoka na maumivu yakapungua ghafla. Ugonjwa huu hauna siri, kwani nyumba nzima haitalala.

Lakini upo wa pili, ulio kimya. Homa imeisha, mtoto anacheza, ila majimaji mazito yamebaki katika kile chumba nyuma ya ngoma. Hayaumi. Ngoma ya sikio, badala ya kutikisika huru kama ngoma ya dansi, inatikisika kama ngoma iliyolowa mvua. Kwa watoto walio wengi majimaji hayo hukauka yenyewe katika muda wa miezi mitatu. Wengine hayakauki, au hukauka na kurudi kila mafua yanapozuka tena. Ukitaka kujua mtoto huyo anasikiaje, ziba masikio yako mawili kwa vidole kisha umwombe mtu akusomee gazeti.

Jambo linalowachanganya wazazi zaidi ya yote ni kwamba hali hii hupanda na kushuka. Wiki hii mtoto asikia vizuri, wiki ijayo hasikii. Akiwa karibu nawe jikoni hujibu. Akiwa uani na redio ya jirani inaunguruma, hajibu. Mzazi hutazama mambo hayo akahitimisha: "Akitaka anasikia." Kauli hiyo imewaponza watoto wengi.

Tuchukue mfano wa kijana wa darasa la tatu. Anasoma katika darasa lenye watoto zaidi ya sabini, jambo ambalo si geni katika shule zetu za msingi tangu ada ilipofutwa na milango ikafunguliwa kwa kila mtoto. Kwa kuwa ni mrefu, ameketi nyuma. Madirisha yako wazi, na darasa la jirani linaimba jedwali la kuzidisha. Mwalimu anasoma imla huku akitembea, mara ameelekea darasa, mara ameelekea ubao. Kijana anasikia sauti yake, kwani irabu zina nguvu na hufika mbali: a, e, i, o, u zote anazipata. Zinazomponyoka ni konsonanti, hasa zile nyepesi zinazotoka kama pumzi. "Paka", "taka", "kaka" na "saka" kwake ni neno moja. Hubahatisha. Mwalimu akisahihisha daftari huona mtoto asiyejua kuandika.

Katika Kiswahili hasara hii ni kubwa kuliko tunavyodhani, maana sauti ndogo mwanzoni mwa neno ndiyo yenye kubeba habari. "Anakuja" na "wanakuja" hutofautiana kwa sauti laini mno. "Kitabu" na "vitabu" vivyo hivyo. Anayeikosa sauti hiyo hukosa kujua ni nani anayetenda, au ni vitu vingapi vinavyosemwa. Hata hesabu za maneno humshinda, ingawa kujumlisha anajua.

Kisha huja uchovu. Baba anayeshinda karibu na mashine kiwandani anaujua uchovu huu, kwa kuwa naye kutwa nzima hujikaza kumsikia mwenzake. Mtoto anayejikaza hivyo tangu asubuhi, ifikapo saa sita huwa amechoka kabisa. Huangalia nje, huchokoza mwenzake, au hulala juu ya dawati. Hapo hupata sifa ya pili: mvivu. Mwisho wa mwaka yaweza kuamuliwa arudie darasa. Atarudia, akae nyuma pale pale, na masikio yale yale.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kubwa ya mwaka 2021 juu ya usikivu, lilieleza kwamba watoto milioni 34 duniani wana upotevu wa usikivu unaohitaji msaada, na kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Sababu hizo ni pamoja na surua, uti wa mgongo, matumbwitumbwi, rubella inayompata mama akiwa mjamzito, na hayo magonjwa ya sikio tunayoyaeleza. Chanjo ya rubella pamoja na surua ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2014, na ile ya kukinga vijidudu vinavyoleta nimonia, ambavyo pia hushambulia sikio na uti wa mgongo, mwaka 2013. Kadi ya kliniki iliyofungiwa kabatini, basi, inahusu masikio pia.

Mzazi anaweza kupima mwenyewe nyumbani, kwa mchezo usiogharimu kitu. Zima redio na televisheni. Mketishe mtoto kwenye kigoda, akupe mgongo, nawe uwe nyuma yake umbali wa mkono mmoja. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole, kisha mnong'oneze maneno mafupi, moja baada ya jingine: saba, kiti, bata, shoka, tatu. Ayarudie. Hamia sikio la pili ukiwa na maneno mengine. Usimsimamie mbele, kwa sababu watoto hawa ni hodari ajabu wa kusoma midomo, na wengi wamekuwa wakiishi kwa ustadi huo bila mtu kujua. Akikosea mengi, rudia baada ya siku mbili. Akikosea tena, mpeleke kituo cha afya. Na hata kama amefaulu, lakini mwalimu bado analalamika, mpeleke vilevile. Mnong'ono wa nyumbani si kipimo cha hospitali.

Sasa tuje kwenye sikio linalotoa usaha. Hapa lazima tuseme kwa ukali kidogo. Katika mitaa yetu sikio hilo huchukuliwa kama jambo la utoto, litakalokoma mtoto akikua. Kila jirani ana dawa yake: mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, maziwa ya mama, maji ya majani fulani. Wengine huchokonoa kwa njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kofia ya kalamu, au vile vijiti vya pamba viuzwavyo dukani, ambavyo kazi yake kubwa sikioni ni kusukuma uchafu ndani. Ngoma iliyotoboka ni mlango ulio wazi, na chochote umiminacho hupita moja kwa moja mpaka kwenye vifupa vidogo vya usikivu. Nta ya kawaida haihitaji kuchokonolewa hata kidogo. Hutoka yenyewe taratibu.

Usaha ulioanza karibuni, chini ya siku 14, mganga hutibu kwa dawa ya kuua vijidudu, nayo sharti imalizwe hata kama mtoto amekwisha kupona machoni pa mama yake. Ukizidi siku 14, ugonjwa umekuwa sugu. Hapo tegemeo ni dawa ya matone atakayoandika mganga, pamoja na kukausha sikio. Kukausha ni kazi ya mzazi. Nawa mikono, chukua kitambaa safi cha pamba, laini, ukisokote kama utambi wa koroboi. Vuta sikio taratibu kuelekea juu na nyuma, ingiza utambi polepole, uache ulowe, uutoe. Weka mwingine, na mwingine, mpaka utoke mkavu. Ndipo udondoshe dawa, mtoto akiwa amelala ubavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa majuma mawili. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu wengi huishia siku ya nne. Katika muda huo mtoto asiogelee, si baharini wala kwenye madimbwi, na wakati wa kuoga maji yasiingie sikioni.

Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, mdomo umepinda upande mmoja, kizunguzungu, au homa kali na shingo iliyokakamaa, usingoje kesho. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Na ikiwa mtoto ameingiza haragwe au punje ya mahindi sikioni, usimwagie maji. Punje huvimba, na iliyoingia kwa urahisi haitatoka kwa urahisi.

Kwa walio na watoto wachanga, maziwa ya mama ni kinga kubwa ya masikio. Anayelazimika kutumia chupa amnyonyeshe mtoto akiwa ameinuliwa kichwa, asimlaze chali na chupa mdomoni. Na baba avutaye sigara akavutie nje, mbali na mtoto. Moshi huvimbisha ule mrija tuliousema.

Sikio likitibiwa, shule haijatibiwa. Mtoto aliyesikia nusu kwa mwaka mzima ana mwaka wa nusu masomo wa kufidia. Jambo la kwanza ni kwenda kumwona mwalimu, ana kwa ana ikiwezekana, kumweleza bila kulaumu, na kumwomba mtoto akae mbele, sikio lake zuri likielekea alipo mwalimu. Walimu wengi, wakishajua, hufanya zaidi ya waliloombwa. Nyumbani, mzazi aache kumpigia kelele kutoka chumba kingine. Asogee, amguse bega, aseme akiwa amemtazama, kwenye mwanga, kwa sentensi fupi na sauti ya kawaida. Kupaza sauti huikuza irabu, ambayo haikuwa na tatizo, na kuivuruga konsonanti. Kisha amwambie arudie alichotumwa kabla hajatoka mlangoni. Ndimu zitafika zikiwa ndimu.

Vitendawili vya jioni, ambavyo televisheni imevifukuza katika nyumba nyingi, ni zoezi zuri kuliko yote ya masikio, kwani asiyesikiliza kila neno hawezi kutegua. Bibi akiwapo, apewe kazi hiyo. Kusoma kwa sauti nako kunafaa: mzazi asome ukurasa mmoja, mtoto afuate kwa kidole, kisha wabadilishane. Dakika kumi na tano zatosha. Zikizidi hugeuka adhabu.

Mwisho ni imla. Maneno kumi kila jioni, mezani, uso kwa uso kwa juma la kwanza, na baadaye mzazi akiwa amefunika mdomo kwa daftari. Chagua yale yanayofanana: paka na taka, simba na shimba, fupa na kupa, kitabu na vitabu. Anayokosea yaandikwe pembeni pamoja na tarehe, bila alama ya wino mwekundu. Siku ya kurudi hospitalini mzazi aende na daftari hilo, ampe daktari alitazame kabla ya kuangalia ndani ya sikio. Litamwonyesha ni sauti zipi zimerudi na zipi bado zimo njiani.