Dawa za Wadudu Zinavyoingia Katika Maziwa ya Mama

Oldonyiro, katika kaunti ya Isiolo, maisha ni mifugo, na palipo na mifugo hapakosi dawa ya kupe. Kisha mwaka 2020 nzige wa jangwani walivamia kaskazini mwa Kenya, na ndege zikanyunyiza dawa juu ya malisho ya Isiolo na Samburu. Mama anayenyonyesha ana haki ya kuuliza: sumu hizi zinamfikia mwanangu?

Inategemea ni sumu gani. Fenitrothioni, mojawapo ya dawa za nzige, hushambulia mishipa ya fahamu na ni hatari inapopuliziwa, lakini huvunjika upesi kuliko dawa za zamani. DDT, mojawapo ya dawa hizo za zamani, haiko hivyo. Huyeyuka katika mafuta, ikaweka makazi mwilini kwa miaka. Mama akianza kunyonyesha, mwili huchota akiba yake ya mafuta kutengeneza maziwa, na DDT hutoka nayo. Kwa hiyo kifungua mimba hubeba mzigo mkubwa kuliko wadogo zake.

Wanasayansi waliopima maziwa ya akina mama wa Kenya kati ya 1983 na 1985 walikuta DDT katika Kisiwa cha Rusinga ikizidi ile ya Loitokitok, nchi ya wafugaji, zaidi ya mara kumi. Mwaka 1986 Kenya ilipiga marufuku DDT katika kilimo.

Homoni nazo zinahusika. Baada ya kujifungua, estrojeni hushuka ghafla ili prolaktini ipate nafasi ya kutengeneza maziwa. Baadhi ya kemikali za jamii ya DDT huigiza estrojeni, hivyo huenda zikapunguza maziwa. Huko North Carolina, Marekani, utafiti wa 1987 ulionyesha kuwa akina mama waliokuwa na mabaki mengi zaidi ya DDT walinyonyesha kwa muda usiofika nusu ya wale waliokuwa na machache.

Hata hivyo, nasema bila kusita: mama asimwachishe mtoto kwa hofu hii. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji machafu huua watoto kwa kuhara. Kinachopaswa kuzuiwa ni sumu kabla haijamfikia mama. Mjamzito na anayenyonyesha wasipewe kazi ya kupulizia mbuzi dawa. Na mtungi uliobeba dawa ya kupe usitiwe maji wala maziwa, hata ukisuguliwa vipi, kwa kuwa dawa hupenya ndani ya plastiki. Utobolewe, asije mtu akauokota.