Uanahabari Ng'ambo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Shamba

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, maswali kuhusu masomo ya ng'ambo huongezeka. Miongoni mwa kozi zinazoulizwa ni uanahabari. Vijana wetu wamekua wakisikiliza redio za jamii na kusoma habari kwenye simu, na baadhi yao tayari wana chaneli zao za YouTube. Mzazi naye ana swali lake: nikiuza kipande cha shamba ili mtoto akasome Uingereza au Ujerumani, atarudi na elimu itakayomfaa hapa?

Jibu fupi ni hili. Kwa familia nyingi, njia iliyo salama ni mtoto kusoma digrii ya kwanza hapa nchini, kufanya kazi kwa miaka miwili hivi, kisha kutafuta ufadhili wa shahada ya uzamili ng'ambo. Makala haya yanaeleza sababu zake na hatua za kufuata.

Kozi mbili zenye majina yanayokaribiana

Kosa la kwanza hufanyika wakati wa kuchagua kozi. Kuna kozi ya uanahabari, na kuna kozi ya taaluma za vyombo vya habari na utamaduni. Majina yanafanana lakini kazi ni tofauti.

Kozi ya uanahabari hufundisha kazi yenyewe: kutafuta habari, kuhoji, kuandika, kurekodi, kuhariri na kujua sheria. Nchini Uingereza, kozi nyingi za aina hii hukaguliwa na baraza la mafunzo ya wanahabari liitwalo NCTJ, lililoundwa mwaka wa 1951. Kwa miaka mingi baraza hilo limetambulika kwa mtihani wa hati mkato wa maneno 100 kwa dakika. Hati mkato ina maana kule kwa sababu sheria ya mwaka wa 1925 ilikataza kupiga picha ndani ya mahakama za Uingereza na Wales. Mwanahabari huingia kortini na kalamu na daftari.

Kozi ya vyombo vya habari na utamaduni huchunguza jinsi redio, televisheni, magazeti na mitandao inavyojenga mawazo ya watu. Mojawapo ya vituo vilivyoanzisha masomo hayo kilifunguliwa na Richard Hoggart katika Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka wa 1964, kisha kikaongozwa na Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika. Kozi hii inamfaa anayetaka kufundisha, kufanya utafiti au kutunga sera. Anayetaka kusoma taarifa ya saa moja jioni anaweza kuimaliza bila kuwahi kushika kamera.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, soma orodha ya masomo ya kila muhula. Uliza kama kuna studio, kama wanafunzi hutoa gazeti au matangazo yao wenyewe, na kama kuna nafasi ya kujifunza kazini.

Unachojifunza kule ni desturi ya kule

Kila nchi ina desturi yake ya habari. Nchini Uingereza, vituo vya redio na televisheni hutakiwa na mdhibiti, Ofcom, kutoegemea upande wowote wa kisiasa, lakini magazeti yana uhuru wa kuunga mkono chama wazi wazi. Nchini Ujerumani, mashirika ya umma ya ARD na ZDF hulipiwa na wananchi wenyewe. Tangu 2021 mchango huo umekuwa euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, na lengo lake ni mashirika hayo yasitegemee hazina ya serikali.

Kuyajua haya kuna faida. Aliyeona namna nyingine ya kuendesha habari huweza kuuliza kwa nini sisi tunafanya tunavyofanya. Hata hivyo, sheria anayofundishwa kule si sheria ya Kenya. Akirudi bila msingi wa nyumbani, anaweza kujua Ofcom inataka nini na asijue haki zake katika kaunti yake mwenyewe.

Hapa kwetu, Ibara ya 34 ya Katiba inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani. Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfunga mtu kwa kosa la kumharibia jina kulikuwa kinyume cha Katiba, ingawa bado anaweza kushtakiwa adai fidia.

Hizi ndizo zana za mwanahabari anayefuatilia bajeti ya zahanati au barabara ya wadi. Hufundishwa hapa nchini, katika vyuo kama vile Nairobi, Moi, Maseno na Daystar, na pia Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya (KIMC). Ndiyo maana tunasema anza nyumbani.

Gharama isiyotajwa kwenye tangazo

Matangazo mengi husema masomo Ujerumani ni bure. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi karo. Jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, hutoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini hata pasipo na karo, anayejilipia masomo lazima aonyeshe kwamba ana pesa za kujikimu. Kiasi kilichowekwa kuanzia Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.7. Pesa hizo huwekwa katika akaunti maalumu ambayo mwanafunzi huruhusiwa kutoa kiasi fulani tu kila mwezi.

Uingereza, mbali na karo na ada ya viza, mwanafunzi hulipa ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo. Kwa kawaida mwanafunzi wa digrii haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, kwa hiyo mpango wa kujilipia karo kwa vibarua haufai kutegemewa. Tena tangu Januari 2024, wanafunzi wa kawaida wa uzamili hawaruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto.

Ufadhili upo, na wengi wake ni wa uzamili

Hapa ndipo aliyesoma nyumbani kwanza anapopata faida. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanzishwa mwaka wa 1983, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, pamoja na nauli ya ndege na posho. Anayeomba awe na digrii ya kwanza na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, inayohesabiwa kuwa saa 2,800. Baada ya masomo, sharti arudi nchini kwa muda usiopungua miaka miwili.

Ufadhili mwingine ni wa Erasmus Mundus, unaotolewa na Umoja wa Ulaya. Mojawapo ya kozi zake ni ya uanahabari, vyombo vya habari na utandawazi. Mwanafunzi huanza Aarhus, Denmark, kisha huhamia chuo kingine mwaka wa pili. Nafasi zenye ufadhili ni chache na ushindani ni mkali.

Ujerumani, shirika la Deutsche Welle huendesha kozi ya uzamili mjini Bonn kwa ushirikiano na vyuo vikuu viwili vya eneo hilo. Kozi hiyo inawalenga watu waliokwisha kufanya kazi ya habari. Ofisi ya DAAD jijini Nairobi hutoa maelezo kuhusu masomo na ufadhili wa Ujerumani.

Usidharau Kiswahili chako. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka wa 1957, na ile ya Deutsche Welle mwaka wa 1963. Anayeandika Kiswahili sanifu na Kiingereza kizuri ana milango miwili ya kubisha.

Hatua za kufuata kabla ya kulipa

1. Uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) na Mamlaka ya Kitaifa ya Kufuzu (KNQA) kama chuo na cheti unachokusudia vinatambuliwa hapa nchini. Uliza kabla ya kusafiri, si baada ya kurudi.

2. Hakikisha chuo kipo na kinaruhusiwa kupokea wageni. Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya vyuo vyenye kibali hicho, na yeyote anaweza kuisoma mtandaoni.

3. Andikia chuo moja kwa moja kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake. Barua ya kukubaliwa itoke chuoni. Picha ya barua iliyotumwa kwa WhatsApp haitoshi.

4. Lipa karo kwenye akaunti ya chuo. Ukiambiwa ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi au nambari ya simu, simama hapo.

5. Ufadhili hauuzwi. Kuomba Chevening ni bure. Anayekudai pesa ili akupatie nafasi ya ufadhili anakuibia.

6. Tayarisha pasipoti mapema kupitia eCitizen, na uulize chuo ni mtihani gani wa Kiingereza kinachoutaka. Usidhani alama ya KCSE itatosha.

Akirudi

Mwanahabari anayefanya kazi nchini husajiliwa na Baraza la Vyombo vya Habari (MCK) chini ya sheria ya 2013, hata kama alisoma ng'ambo. Abebe vyeti vyake halisi na barua ya kutambuliwa kwake.

Shamba likiuzwa halirudi. Digrii ya nyumbani, miaka miwili ya kazi katika redio au gazeti la hapa, na ombi la ufadhili lililoandikwa vizuri huenda vikamfikisha kijana London au Bonn bila familia kupoteza hata ploti moja. Naye atakwenda akiijua kaunti yake, jambo litakalomsaidia zaidi siku atakaporudi na kuketi bungeni na daftari lake, bajeti ikisomwa.