Niliomba MBA, Nikasahau Nina Mume

Ilikuwa Jumapili usiku, mtoto keshalala, mimi napiga pasi nguo za wiki. Mume wangu alikaa mezani na kompyuta yangu, anatafuta risiti ya ada ya chekechea ili kesho yake akaichape ofisini. Kimya kikawa kirefu. Halafu akauliza, bila hata kugeuka: "Mama, Septemba unakwenda wapi?"

Msomaji wangu, pasi niliisahau juu ya blauzi mpaka ikaanza kunuka.

Hakukuta meseji ya mwanamume. Alikuta fomu. Kwa miezi minne nilikuwa naomba nafasi ya kusoma MBA nchini Uingereza, masomo ya muda wote, unaishi hukohuko chuoni mwaka mzima. Bosi wangu alikuwa anajua, maana nilimwomba barua. Mwalimu wangu wa zamani alikuwa anajua. Shoga yangu wa Sinza ndiyo usiseme, alijua kabla ya wote. Mume wangu alikuwa mtu wa nne kujua, na aliyemwambia ni kompyuta.

Mimi ndiye ninayehariri kurasa hizi ambazo kila mwezi zinakwambia "zungumza na mwenzako". Leo ni zamu yangu kuanikwa.

Kwa nini nilinyamaza? Nilijiambia kwamba nikikosa, hakuna atakayejua, na nikipata nitamfanyia sapraizi. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba niliogopa atasema hapana. Na niliogopa zaidi atasema "sawa, nenda" kwa ile sauti yake ya chini.

Muda wote maana yake nini?

Wengi tukisikia MBA tunaona cheo na gari. Kwanza uliza ni MBA ya namna gani. Hapa Dar, Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina MBA ya muda wote na ile ya jioni. Ya jioni unatoka kazini, unapambana na foleni, unaingia darasani, unarudi nyumbani watu wamelala. Unachoka, lakini mshahara unaingia. Ya muda wote ni kitu kingine: kazi unaiacha, mshahara unakatika, na wewe unakuwa mwanafunzi tena na miaka yako thelathini na kitu.

Ukitoka nje ya nchi, muda unatofautiana. Harvard, walioanza kutoa shahada hii mwaka 1908, wanasomesha miaka miwili. INSEAD ya Ufaransa ni miezi 10. Vyuo vingi vya Uingereza ni mwaka mmoja. Mimi nilichagua Uingereza kwa sababu hiyo. Mwaka mmoja ni nini bwana? Unafumba macho, unafumbua, umeisha.

Nilipomwambia hivyo, mume wangu alinyanyua kichwa. "Kwako ni mwaka mmoja," alisema. "Mwanao ana miaka minne. Kwake ni robo ya maisha yake."

Sikuwa na jibu.

Makaratasi yasiyokwisha

Kama na wewe unawaza kuomba, jiandae. Chuo kitataka CV, nakala ya matokeo ya shahada yako ya kwanza, barua za wadhamini wawili, insha na usaili. Matokeo yangu niliyafuatilia wiki tano. Nilienda mpaka mlinzi wa getini akawa ananiita dada. Bosi naye aliniambia, "Iandike wewe, mimi nitasaini." Usikubali. Kaa naye nusu saa, mkumbushe kazi mlizofanya pamoja, aandike kwa maneno yake. Anayesoma barua hizo kila siku anajua sauti ya mtu anayejisifu mwenyewe.

Halafu kuna GMAT. Si kila chuo kinaudai mtihani huu, lakini vingi bado vinautaka. Siku hizi ni saa mbili na robo, sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na alama zinaanzia 205 hadi 805. Mimi nimesomea mawasiliano, hesabu niliagana nazo sekondari kwa furaha kubwa. Sasa nikawa nazifanya saa kumi alfajiri jikoni, kwenye sehemu ya hesabu ambayo hairuhusu hata kikokotoo. Mume wangu akiamka namwambia nahariri makala. Jamani, makala gani ina mizizi ya mraba?

Kuna habari njema moja: matokeo ya GMAT yanadumu miaka mitano. Ukikosa nafasi mwaka huu, alama zako haziozi. Ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, yanahesabika miaka miwili tu.

Hesabu za mezani

Siku tatu tuliongea mambo ya maji na umeme tu. Siku ya nne alileta daftari na kalamu. Yeye anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, hesabu ndiyo lugha yake.

"Haya mama, tuandike."

Mimi nilikuwa nimeandika ada na nauli. Yeye akaandika chumba na chakula. Akaandika mishahara yangu kumi na miwili ambayo haitaingia. Akaandika Bodi ya Mikopo, ambayo inakata asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi. Mshahara ukisimama makato yanasimama, lakini deni liko palepale linanisubiri uwanja wa ndege. Akaandika dada wa kazi wa kulala, kwa sababu zamu zake bandarini hazina saa.

Nikasema labda twende wote. Hapo ndipo tulipogonga ukuta. Tangu Januari 2024, Uingereza imezuia wanafunzi wengi wa kigeni, wakiwemo wa shahada za uzamili za darasani kama MBA, kwenda na mume, mke au watoto kama wategemezi. Wanaoruhusiwa ni wachache, kama wale wa utafiti. Na fedha za kujikimu unazotakiwa kuonyesha kwenye viza lazima ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Huwezi kuazima za shemeji Ijumaa ukamrudishia Jumatatu.

Kisha akatoa insha yangu. Alikuwa ameichapa.

Niliandika kwamba nataka kuanzisha kampuni yangu ya uchapishaji, niajiri vijana, niache kuhariri ndoto za watu wengine. Aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, akaiweka mezani.

"Miaka sita ya ndoa," alisema. "Ndoto ya mke wangu nimeijua kwenye karatasi ya kumwandikia mzungu."

Ugomvi mwingine unaweza kuushinda kwa maneno. Huo sikuushinda. Nililia, na yeye akaenda kunipikia chai. Ilikuwa na sukari nyingi kama kawaida yake.

Barua ilipokuja

Nilikubaliwa. Ndiyo, nilipata! Bila ufadhili, na kwa malipo ya awali ambayo yangemaliza akiba yetu yote ya kiwanja. Niliomba wanisogezee nafasi mwaka mmoja, wakakataa kwa adabu. Nikaiacha.

Najua kuna dada anasoma hapa anasema, "Mwanamume kamzibia njia." Hapana, shosti. Hakusema hapana hata mara moja. Alisema, "Hii hesabu haijakaa sawa, tuipange upya." Haya ni mambo mawili tofauti, na ilinichukua wiki nzima kuyatofautisha.

Safari hii tumeomba wawili. Mimi najaza, yeye anasoma. Tumeomba na ufadhili wa Chevening, unaolipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Wanataka uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, yaani saa 2,800, na ukimaliza urudi kwenu kwa miaka miwili. Familia hawailipii, hilo tumeliandika kwenye daftari. Mama mkwe amekubali kuja kukaa na mjukuu. "Nenda mwanangu," aliniambia, "ila rudi na akili, usirudi na baridi."

Kabla hujatuma fomu

Kwa wewe unayeficha fomu kwenye kompyuta, jiulize haya:

1. Mwenzako anajua, au atajua kwa bahati mbaya?

2. Ndoto uliyoandika kwenye insha, umewahi kumwambia kwa mdomo?

3. Mnaishi vipi mwaka mzima kwa mshahara mmoja? Andikeni, msikadirie kichwani.

4. Nani analala na mtoto akiwa na homa?

5. Ukirudi, unarudi kwenye kazi gani? Ukishindwa kujibu, pengine ya jioni inakutosha kwa sasa.

Majibu bado hayajatoka. Juzi usiku nilikuwa napiga pasi tena, akaniuliza kutoka mezani, "Mama, wametujibu?"

Nikamwambia bado. Alisema "wametujibu", mmesikia? Nikaendelea na blauzi.